Maswali ya Wasomaji: Mtafiti wa Kujitegemea Anauza Nini?

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua za wasomaji wanaotaka kuishi kwa kazi ya kutafuta, kuchambua na kuthibitisha taarifa bila kuajiriwa na mtu. Barua tumezifupisha, na majina tumeyahifadhi kama waandishi wenyewe walivyoomba.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkutubi mwenye stashahada niliyoipata Bagamoyo. Kwa miaka 9 nilitunza kituo cha taarifa cha mradi wa kilimo, na mradi huo umefungwa tangu mwaka jana. Wataalamu niliofanya nao kazi wametawanyika katika mashirika mengine, lakini bado wananipigia simu: mmoja anataka takwimu za mpunga, mwingine ananiomba nimtafutie ripoti ya zamani ya umwagiliaji. Huwatafutia bure, kwa kuwa tulizoeana. Je, kazi hii inaweza kuwa ajira yangu, na kama inaweza, nianzie wapi? — *Mkutubi, Morogoro*

JIBU: Dada yangu, simu hizo ndizo soko lako, na hatua ya kwanza ni kuacha kuzihesabu kuwa ni fadhila. Mtu anayekupigia wewe, ilhali ana intaneti mkononi mwake, amekwisha kujaribu mwenyewe na hakuridhika. Hakukosa karatasi, maana karatasi zimejaa tele. Alimkosa mtu wa kumwambia ipi kati ya karatasi hizo aitegemee, kwa jambo gani, na kwa kiasi gani. Huyo mtu ni wewe, na huduma hiyo ina bei. Nchini Marekani watu wa kazi hii, wengi wao wakiwa wakutubi walioacha ajira, waliunda chama chao cha wataalamu wa taarifa wanaojitegemea tangu mwaka 1987, kwa hiyo usidhani kwamba unabuni jambo lisilopata kuonekana duniani.

Tulichukue hilo swali la mpunga, kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe kuliko maelezo yoyote ya jumla. Sisi tuna maneno matatu, mpunga, mchele na wali, na hakuna mama anayelipia gunia la mpunga kwa bei ya gunia la mchele. Ripoti nyingi za kimataifa, hata hivyo, zimeandikwa kwa lugha ambayo neno moja hubeba vyote vitatu, na hapo ndipo makosa ya fedha nyingi huzaliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa takwimu za uzalishaji kwa uzito wa mpunga, yaani punje ikiwa bado na maganda yake, ilhali Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo nayo huchapisha takwimu za nchi nyingi ikiwamo Tanzania, hutumia uzito wa mchele uliokobolewa. Kilo 100 za mpunga hutoa takribani kilo 65 za mchele. Kwa hiyo mtu atakayechukua namba ya mwaka mmoja kwa FAO na ya mwaka unaofuata kwa Wamarekani ataamini kuwa uzalishaji umeporomoka kwa theluthi moja na zaidi, na huko shambani hakuna kilichobadilika. Forodha nayo ina hesabu yake: mpunga huandikwa chini ya namba 1006.10, mchele uliokobolewa chini ya 1006.30, na chenga chini ya 1006.40, hivyo anayejumlisha kila kinachoanza na 1006 amechanganya bidhaa tofauti zenye bei tofauti. Tena msimu wa kilimo wa 2021/2022 si sawa na mwaka 2022 wa kalenda, na ripoti moja hufuata huu na nyingine hufuata ule.

Mteja wako hayajui haya, wala si lazima ayajue. Ndiyo maana kabla ya kutafuta chochote unapaswa kurudi kwenye somo ambalo kila mkutubi hufundishwa na wengi hulisahau, nalo ni mazungumzo ya kumsaidia muulizaji aligundue swali lake. Muulize jibu hilo atalitumia kuamua nini. Anayetaka kununua mashine ya kukoboa huko Mvomero anahitaji kujua mpunga unaopatikana katika kata zinazomzunguka na miezi unayopatikana. Anayetaka kuuza nje ya nchi anahitaji kujua mchele, madaraja yake na bei ya mpakani. Wote wawili watakupigia simu na kusema, “Nitafutie takwimu za mpunga.” Ukiwapa wote wawili jedwali moja, umewapa karatasi tu. Muulize pia amekwisha kusoma nini, kwa sababu hakuna aibu kubwa katika kazi yetu kama kumletea mteja, kwa malipo, ripoti iliyo mezani pake.

Kisha chagua eneo lako na ubaki humo kwa miaka michache. Huu ni ushauri wangu ambao watu huupinga zaidi, wakihofia kwamba watakosa kazi za maeneo mengine, lakini nimeona mara nyingi jinsi mtafiti wa kila kitu anavyoanza kila kazi kutoka sifuri, na saa anazozitumia kujifunza misamiati mipya hakuna anayezilipia. Wewe upo Morogoro. Hapo ulipo pana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ndani yake ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo Dakawa, na ukiteremka bonde la Kilombero unakuta kingine Ifakara. Tasnifu za wanafunzi, ripoti za miradi iliyokwisha, kumbukumbu za skimu za umwagiliaji: sehemu kubwa ya maandiko hayo haijapata kuwekwa kwenye intaneti, na wewe unawajua watunzaji wake kwa majina. Mtaalamu aliyeketi Nairobi au Geneva hawezi kukuzidi katika hilo hata angekuwa na fedha nyingi kiasi gani.

Jibu unalolikabidhi liwe na sura inayokutambulisha. Kurasa 2 au 3 za mbele zijibu swali kwa lugha iliyo wazi. Nyuma yake ziwepo takwimu, na kila namba ieleze imetoka wapi, ilipimwa kwa njia gani na ni ya kipindi gani. Pale ambapo vyanzo viwili vinapingana, usimfiche mteja mmojawapo ili ripoti ionekane safi. Mweleze kwa nini vinapingana na wewe unaegemea kipi. Vilevile eleza ulichokitafuta ukakikosa, na ulikitafuta wapi. Mteja aliyekuwa akipanga kutumia siku 10 kutafuta sensa ya mashine za kukobolea ambayo haijapata kufanyika, ukimwonyesha kwamba umepita ofisi zote ambazo zingeweza kuwa nayo, umemwokolea siku hizo, na hiyo ni sehemu ya huduma aliyoilipia.

Kuhusu taratibu, sajili jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, pata namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na uulize halmashauri yako juu ya leseni. Mashirika hayatakulipa bila nyaraka hizo hata yakikupenda. Ukitaka kazi za serikali, zabuni zake hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na usajili humo ufanye mapema, si siku moja kabla ya zabuni kufungwa.

Lakini taratibu moja usiipite haraka. Kusoma na kuchambua yaliyokwisha kuchapishwa ni jambo moja. Kwenda vijijini na dodoso kukusanya taarifa kwa watu ni jambo jingine, na huko ndiko kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au idhini ya mamlaka za mkoa na wilaya, huweza kuhitajika. Zanzibar ina utaratibu wake. Isome pia Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake: yale ya 2018 yalibana sana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ya 2019 yakalegeza. Nimekutana na watafiti ambao bado wanaogopa sheria ya 2018, na wengine ambao hawajui kama kuna sheria yoyote. Makundi yote mawili hayawezi kumshauri mteja ipasavyo.

Na hao marafiki wanaokupigia simu? Wasikatiwe mkono ghafla. Swali la dakika 10 endelea kulijibu bure, kama jirani anavyompa jirani chumvi. Likiwa la siku mbili, mjibu siku hiyohiyo kwa maandishi kwamba kazi yake inawezekana, itachukua siku mbili, na gharama yake ni kiasi fulani. Wachache watanyamaza. Waliobaki ndio wateja wako wa mwaka wa kwanza, na wengi wao wana bajeti ya kazi ya namna hiyo kwenye mashirika yao, ila hukuwahi kuwaambia kwamba wanaweza kuitumia kwako.

SWALI: Nafanya utafiti wa taarifa za kibiashara hapa Mombasa kwa mwaka wa pili sasa. Kazi ninazo, lakini fedha hazikai. Bei yangu niliipata kwa kuugawa mshahara wangu wa zamani kwa siku za kazi za mwezi. Nimekosea wapi? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ndugu yangu, umekosea katika kigawanyo. Mwajiriwa hulipwa siku zote za kazi, ikiwamo siku anayoshinda mkutanoni. Anayejitegemea hulipwa siku zile tu ambazo mteja amezinunua. Tuseme unataka kubaki na shilingi 120,000 za Kenya kwa mwezi, na gharama za kazi, yaani intaneti, umeme, nauli, bima na matengenezo ya kompyuta, ni shilingi 40,000. Unahitaji 160,000. Ukigawa kwa siku 22, utatoza takribani 7,300 kwa siku, na nadhani hapo ndipo ulipo. Sasa hesabu kwa ukweli siku ulizotumia mwezi uliopita kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi yaliyokataliwa, kufuatilia malipo, kusoma sheria mpya na kutunza mafaili. Kwa watu wengi hubaki siku 12 hivi za kulipwa. Fedha ileile, 160,000, ukiigawa kwa 12 unapata zaidi ya 13,300. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo inayokuhangaisha kila mwisho wa mwezi.

Bei ya siku, hata hivyo, iwe ya kukuongoza wewe mwenyewe. Mteja mpe bei ya kazi nzima. Anayelipa kwa siku huanza kuzihesabu siku zako, na wewe unayeijua kazi kiasi cha kuimaliza kwa siku 3 badala ya 6 unajikuta umeadhibiwa kwa ustadi wako. Ada za kupekua kumbukumbu za makampuni, nakala za mahakamani na kanzidata za kulipia ziandikwe peke yake, mteja azirudishe kwa stakabadhi. Kumbuka pia kodi ya zuio: Kenya na Tanzania, kwa mkaazi anayelipwa ada ya kitaalamu ya namna hii, mlipaji hukata asilimia 5 kabla ya fedha kukufikia. Dai cheti cha makato hayo kila mara, kwa sababu ndicho kitakachokusaidia wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi. Bila cheti, fedha hiyo umeitoa na huna ushahidi.

Mipaka ya kazi ndiyo inayowamaliza watu wetu kuliko bei ndogo. Mwanzoni mwa kazi yangu nilikubaliana kwa mdomo na shirika moja kuwaandalia muhtasari wa kurasa 5 kuhusu usafirishaji wa mazao kwenda bandarini. Kila nilipoupeleka, waliongeza swali jipya kwa upole na shukrani nyingi, nami kwa kuona haya sikukataa. Ulifika kurasa 40. Nililipwa bei ya kurasa 5, tena baada ya miezi mitano, na sikuwa na karatasi ya kunitetea. Tangu hapo sianzi kazi bila barua ya makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, inayotaja maswali yanayojibiwa, tarehe, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, na kwamba swali jipya lina bei mpya. Nusu ya malipo hutangulia. Mteja wa kweli hakasirishwi na barua hiyo. Mara nyingi huipokea kwa nafuu, kwa sababu nayeye ana mkuu wake wa fedha wa kumweleza.

SWALI: Nina mteja jijini Mwanza ambaye analipa vizuri. Safari hii anataka nimpatie miamala ya simu na mshahara wa mtu anayeshindana naye kibiashara. Nina rafiki katika kampuni ya simu ambaye anaweza kusaidia. Je, huu si utafiti pia? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hapana, si utafiti, na ninakuomba usimpigie simu huyo rafiki yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mtu za aina hiyohiyo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Utamwingiza rafiki kwenye hatari ya kupoteza kazi na kushitakiwa, na mteja mwenyewe hataweza kuitumia taarifa hiyo mahali popote bila kueleza ilikotoka. Usikubali pia njia ya kujifanya mtu mwingine ili upewe habari.

Mrudishe mteja kwenye swali lake. Huenda anachotaka kujua hasa ni kama mshindani wake ana uwezo wa kutimiza zabuni fulani, na hilo lina njia halali. Kumbukumbu za kampuni zilizosajiliwa, wakurugenzi wake na wanahisa, hupatikana BRELA kwa ada. Hukumu za mahakama husomwa bure katika TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na humo utaona kama kampuni inadaiwa na nani na kwa kisa gani. Matangazo rasmi yamo katika Gazeti la Serikali. Kwa taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma Tanzania Bara, raia anaweza kuomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ni njia ya polepole, najua, na wateja hawaipendi. Lakini jibu linalotoka humo mteja anaweza kulisimamia mbele ya benki, mbele ya mwanasheria na hata mbele ya mshindani mwenyewe. Akiendelea kushikilia miamala ya simu, muache aende, hata kama mwezi huo utakuwa mgumu.

SWALI: Ninamaliza shahada hapa Unguja na nilitaka kuingia katika kazi hii. Wenzangu wananivunja moyo, wanasema programu za akili unde sasa zinajibu kila swali na mtafiti hana tena kazi. Nifanyeje? — *Mwanafunzi, Zanzibar*

JIBU: Mwanangu, ziulize programu hizo jiji la Dar es Salaam lina watu wangapi. Huenda ukaambiwa milioni 5.4, huenda ukaambiwa zaidi ya milioni 7, na zote mbili zitasemwa kwa uhakika uleule. Ya kwanza inatoka katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, iliyohesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Namba kubwa zinatokana na makadirio ya kimataifa yaliyofanywa kabla ya sensa hiyo, ambayo tayari kwa mwaka 2020 yaliuweka mji huo juu ya milioni 6. Mfanyabiashara anayepanga idadi ya maduka ya dawa atafanya maamuzi tofauti kabisa kwa namba hizi mbili. Kumweleza chanzo cha kila moja, na kwa nini moja ni hesabu na nyingine ni kadirio, hiyo ndiyo kazi unayoitaka.

Mimi huzitumia programu hizo, hasa kufupisha maandiko marefu na kunikumbusha maneno ya kutafutia. Sizikubali kuwa chanzo. Zina tabia ya kutaja makala na vitabu ambavyo havipo, vyenye waandishi na miaka inayofanana na kweli, kwa hiyo rejea ambayo sijaifungua kwa mkono wangu haiingii katika ripoti yangu. Hilo lifanye kuwa sharti lako tangu kazi ya kwanza.

Halafu tazama ulipo. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko hapo Kilimani, zikiwa na majalada ya Kiarabu na ya Kiingereza ya vizazi vilivyopita, na ng'ambo ya bahari Dar es Salaam kuna majalada ya utawala wa Wajerumani. Sehemu kubwa ya hayo hakuna programu iliyoyasoma. Wanasheria wa mashauri ya ardhi, wasanifu wanaokarabati majumba ya Mji Mkongwe, familia za Muscat zinazotafuta nasaba zao Unguja, wote wanahitaji mtu anayejua kuomba jalada, kulisoma na kulieleza kwa uaminifu. Kama umesoma Kiarabu chuoni, hata kidogo, kikuze. Kabla hujamaliza shahada, omba kibali cha kusomea huko, chagua mada moja ndogo kama vile umiliki wa nyumba katika mtaa mmoja, na uandae mwongozo wa kurasa chache wenye namba za majalada, miaka yake na muhtasari wa kila moja. Mwongozo huo upeleke kwa wanasheria wawili au watatu wa hapo mjini, ukiwa na jina lako na namba yako ya simu.